Mabomba Manne na Mchanga wa Unyambwa

Utemini, Singida
Jumamosi, 14 Agosti 1954
Asubuhi: baridi, upepo mkali kutoka ziwani, vumbi jingi, anga haina wingu.

Baba,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu ungeidai, hata leo.

Gari limeondoka. Lile gari jekundu la Bwana Mpima, la viti viwili, uliloliacha juu ya magogo na boneti wazi, limetoka uani kwetu saa nne asubuhi kwa nguvu zake lenyewe. Mabomba manne ya moshi yanatoka ubavuni mwa boneti, yanapinda kurudi nyuma, yanaungana kuwa bomba moja refu linalopita chini ya mlango, kama ulivyolichora kwa chaki ukutani. Mawe ya njia ya Mgori, yaliyong'oa bomba la zamani, sasa hayana cha kung'oa chini ya tumbo lake. Mimi ndiye niliyeyafunga mabomba hayo, Baba. Mimi.

Nianze mwanzo, maana nakusikia: "Fundi Daftari, usiruke hatua."

Ulitutoka mwezi wa Mei. Matanga yalipoisha, Baba Mdogo alikuja na mkokoteni wa punda kuchukua vifaa vyako. Alisema karakana isiyo na fundi ni banda la kuku. Nikamwambia fundi yupo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, moshi wako wewe ni wa jikoni." Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema hakitoki kitu humu kabla gari la watu halijaisha. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: nikilimaliza kufikia Jumamosi ya leo, karakana inabaki hapa, mikononi mwangu. Nisipolimaliza, jiliwa la kubania vyuma, nyundo, mtungi wa gesi, vyote vinakwenda kwake Mgori.

Mabamba ya kushikia mabomba kwenye injini niliyakata bila shida. Mabomba yenyewe niliyapima kwa uzi, yote manne na moja la akiba, urefu mmoja, ingawa kila moja lina njia yake. Kazi ilikuwa kuyapinda. Wewe ulikuwa unajaza bomba mchanga ili lisikunjamane, unaziba ncha zake kwa vizibo vya mti, unalitia motoni mpaka liwe jekundu. Nilikuona ukifanya hivyo tangu utoto. Nikadhani kuona ni kujua.

Jumatatu nilichota mchanga kando ya ziwa. Mweupe, laini, safi. Nikauanika juani, nikaushindilia ndani ya bomba, Mama akashika mvukuto. Bomba halijawa jekundu, kizibo kikaruka kwa mlio wa bunduki, kikagonga bati la paa. Kuku wakatawanyika. Nikang'ang'ana kulipinda hivyo hivyo, likakunjamana kama soksi. Mama aliketi chini, mvukuto mapajani, akatazama juu. "Mume wangu, umesikia? Binti yako ameanza vita." Nilicheka.

Yalibaki mabomba manne. La akiba halikuwapo tena.

Jioni ile nilifungua daftari zangu za zamani. Sikuwa natafuta habari za kazi. Nilitaka kukusikia tu. Nikakuta mstari nilioandika nikiwa na miaka kumi na miwili: "Leo Baba amekula mchanga tena. Ameutema akasema, huu hapana. Nimecheka sana."

Nikasimama na daftari mkononi.

Hukuwa unatania! Ulikuwa unatafuta chumvi. Mchanga wa ziwa letu una chumvi, chumvi inashika unyevu, unyevu ukipata moto unakuwa mvuke, na mvuke ukifungiwa unatafuta pa kutokea. Wewe ulijua kwa ulimi. Mimi nilifundishwa mvuke darasani kule Tabora, nikaandika vizuri sana, nikapata alama nzuri, nikarudi nyumbani kuchota mchanga wa ziwani.

Jumanne nilikwenda Unyambwa, kwenye kile kijito kilichokauka. Nilipiga magoti, nikaonja mahali patatu. Wanawake waliokuwa wakichimba maji walisimamisha kazi. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, mimba ni ya miezi mingapi?" Wenzake walishikana mabega kwa kucheka. Nikawajibu ni ya mabomba manne. Sijui walielewa nini.

Mchanga ule niliukaanga juu ya bati mpaka ukawa unakimbia kama maji. Mabomba yakapinda yote manne, bila kunyanzi hata moja. Jumatano nilikata ubavu wa boneti. Nilipima mara tano kwanza, maana bati la mtu likishakatwa limekatwa. Jana nilikaza nati za mwisho, nikafunika lile bomba refu kwa bamba lenye matundu ili lisimchome mtu mguu anaposhuka.

Leo Baba Mdogo alifika mapema na mkokoteni, kamba begani. Bwana Mpima naye akaja, akatazama huku na huku. "Fundi mpya yuko wapi?" Mama akamjibu, "Ni huyo anayejifuta mikono."

Niliwasha. Gari likakohoa mara moja, kisha likanguruma, punda wakarudi nyuma na mkokoteni wao. Nikachana ukurasa wa daftari langu (wewe unajua sijawahi kuchana ukurasa), nikaupitisha kwenye kila kiungo kama ulivyokuwa ukifanya. Karatasi ikitikisika, moshi unavuja. Haikutikisika. Baba Mdogo akaichukua mkononi mwangu, akachuchumaa, akapima mwenyewe, kiungo baada ya kiungo, akarudia. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni.

"Plau langu limepinda mkono," akasema. "Utalitazama lini, Fundi?"

Hakusema mwanangu, Baba. Alisema Fundi. Na mkokoteni ukarudi Mgori mtupu.

Mimi na Mama tulisimama njiani kulisikiliza gari likiondoka na Bwana Mpima. Lilipita yale majabali, likawa halionekani, lakini mdundo wake ulibaki, silinda zote nne zikipokezana bila moja kuchelewa. Wewe ungefumba macho ukasikiliza. Nami nilifumba kwa niaba yako. Mama alinishika kiwiko.

Jiliwa liko mahali pake. Koti lako sijaliondoa kwenye msumari. Mchoro wa chaki nao hautafutwa.

Pumzika sasa, Baba. Gari la watu limekwisha. Nakuahidi kila mchanga utakaoingia karakana hii nitauonja kwanza, hata wanicheke. Na vichekesho vyako vyote vilivyo katika daftari zangu nitavisoma upya, kimoja kimoja. Huenda bado sijamaliza kufundishwa.

Binti yako,
Fundi Daftari

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikiandika saa niliyopata usingizi: saa nane za usiku, saa tisa, saa tisa na nusu. Ninaongeza mstari huu Jumapili asubuhi: jana usiku nililala mapema, saa mbili na robo.