Rukia Alilia, Sikusikia

Jumanne. Jua limeichoma Kismayu tangu asubuhi, na mimi nina hasira ya kuua mtu.

Leo nilikuwa jikoni napika mchuzi, mwanangu Rukia amelala chumbani. Sikusikia kitu ila ule mlio wa kichwani, kama msumari unaokwaruza sufuria. Ghafla mume wangu, Shee, akauvunja mlango wa nje kwa bega, akanipita mbio. Kabati lilikuwa limemwangukia mtoto. Mkono umebanwa, uso umejaa damu. Kilio chake kilikuwa kimefika hadi barabarani.

Mimi, mama yake, nilikuwa naonja chumvi.

Kabla ya Ramadhani nilikwenda sokoni kununua vitunguu, bomu likalipuka. Mwanamke aliyekuwa akipimiwa mchele mbele yangu alikatika vipande, damu yake ikaniingia mdomoni. Mimi sikuchubuka hata ukucha. Watu wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru.

Halafu sauti zikaanza kupotea, moja baada ya nyingine. Daktari wa masikio alinieleza kuwa ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno, ndizo zinazoidaka sauti. Mlipuko uliziua nyingine papo hapo. Zilizojeruhiwa ziliendelea kujiua zenyewe siku zilizofuata. Nikamuuliza zitaota lini.

"Kwa binadamu hazioti tena, dada yangu."

Yaani moshi ulikwisha sokoni, maiti wakazikwa, na ndani ya kichwa changu mauaji bado yanaendelea.

Tuliporudi kutoka hospitali, Rukia amefungwa mkono, nilichukua mchi. Nikavunja vyungu, sahani, kioo cha harusi yangu. Shee akaja mbele ya uso wangu, nimwone midomo.

"Nipige mimi, Mama Rukia."

Nikampiga kweli. Kifuani, mabegani, kwa ngumi, mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Hakujikinga.

"Hukumwacha," akasema. "Hukumsikia tu."

Sijui kama nitawahi kuliamini hilo.

Alasiri nimemfunga Rukia mgongoni kwa leso, nikafagia vigae. Mara nikahisi mbavu zake zikitetemeka juu ya uti wangu. Nikageuza shingo: mdomo wazi, machozi yanatiririka. Shee alikuwa ndiyo kwanza anainuka kitini.

Nilikuwa nimemwahi baba yake.

Kuanzia leo, nikiwa peke yangu naye, atakaa hapa mgongoni.