Shahada Bila Namba ya Ualimu

Ogembo, Jumanne

Kazi ya ushauri shuleni nimeikosa, na hoja nilizishinda zote. Mwalimu mkuu aliisoma shahada yangu ya saikolojia ya ushauri, kisha akanirudishia. "Bila namba ya usajili wa ualimu huwezi kuwa mshauri wa shule. Rudi chuoni usomee ualimu kwanza."

"Kwa sasa nani anawashauri wanafunzi?"

"Mwalimu wa nidhamu."

Nikamuuliza mtoto atamfungulia vipi moyo mtu aliyemwadhibu asubuhi. Akacheka. "Omomura, kijana wangu, hayo kawaambie wabunge."

Nje ya ofisi ya mwalimu huyo wa nidhamu, msichana alikuwa akingoja kuitwa, macho yamemvimba kwa kulia. Akaniuliza, "Wewe ndiwe mshauri mpya?"

Miaka yote ile ya kusoma, na jibu nililoruhusiwa kumpa lilikuwa moja tu: hapana. Akageuka kuutazama ule mlango.