Kompyuta ya Upanga Haikuwa na Mtu

Dada Zuhura,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako. Usinikasirikie, changu kimevunjika mguu na sina wa kumwambia. Arobaini yako ilipita salama, watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Tangu hapo nimebaki na duka, na duka limenishinda.

Kariakoo huijui tena. Kila wiki linafunguliwa duka jipya, na kila mtu anaomba kitu: leseni, kazi, chuo. Wote wanataka kuchapiwa. Kompyuta ni zile zile tatu, yetu hapa, ya Mama Pushpa kule Upanga aliyoachiwa na mwanawe, na ya yule mwenye marobota ya mitumba Mchikichini, anayetuazima mpaka mzigo wake ufike. Wewe ulizigawa kichwani tu. Unamtazama mteja, unamuuliza anataka nini na lini, basi, umeshajua aende wapi. Mimi kichwa changu unakijua. Nikanunua daftari, nikaandika mashine ipi ina printa, ipi ina nguvu, na huu mgao wa umeme unakata wapi saa ngapi. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne akaja Mama Asumpta wa vitumbua. Maombi ya binti yake ya chuo cha uuguzi yalitakiwa yafike kabla ya saa tisa alasiri. Nilishayachapa jana yake, ilibaki kuyatoa kwenye printa. Kwetu umeme hakuna. Mchikichini mzigo umefika. Daftari likasema Upanga: umeme upo mpaka saa saba, kompyuta haina mtu, na Mama Pushpa mwenyewe anajua kuitumia. Nikampigia Mama Pushpa simu kwamba kuna mteja, nikampa Mama Asumpta disketi, nikamwelekeza jengo na ghorofa. Nikaendelea na wengine.

Alifika saa nne. Akasikia kengele na nyimbo za sala ndani, akavua kandambili, akakaa kwenye ngazi asubiri wamalize. Walimaliza, ila yeye hakuwa na hakika, na aliona haya kugonga mlango wa watu asiowajua. Mama Pushpa naye yuko ndani, kompyuta ameshaiwasha, anashangaa mbona sileti mtu. Alipofungua mlango kutoa takataka, umeme ulikuwa umeshakatika. Saa tatu nzima, Dada, na katikati yao ni mlango tu.

Mama Pushpa akapiga simu hapa. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Zuhura alikuwa akileta mtu mwenyewe, anamkalisha hapa. Wewe unatuma watu kama vifurushi."

Nami nilikuwa nakusengenya kwa safari zako hizo. Nilisema dada anapenda kutembea, anaenda kunywa chai ya maziwa Upanga, ananiachia kazi. Nisamehe. Sikujua kwamba kazi yenyewe ndiyo ile. Lakini nifanyeje? Juzi nilimsindikiza mteja mmoja Mchikichini, niliporudi wawili walikuwa wamekuta kufuli wakaondoka. Niko mmoja. Mbona hukuniambia? Au uliniambia, mimi nikawa nacheka?

Jioni ile Mama Asumpta alirudi. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akaweka disketi mezani, ameifuta kwa khanga, akasema, "Samahani mwanangu, nimekuharibia kazi."

Hebu fikiria, Dada. Yeye ananiomba msamaha mimi.

Kesho naenda naye chuoni, yeye na binti yake. Najua watatuambia muda umepita, na pengine hata getini hatutavuka. Nitatangulia mimi, nitagonga mimi, na kosa nitasema ni langu. Hiyo ndiyo ahadi ninayoiweza, kubwa zaidi sina.

Pumzika, Dada yangu. Kesho duka silifungui.

Mdogo wako,
Tatu