Kibao cha Kona ya Ziwani

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha magodoro,
S.L.P. 47.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Mama Pacha,

Pokea salamu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Na pacha wako, bado wanagombania shati moja kama vile hawajaota ndevu? Sisi tunapumua, ila shemeji yako macho yanakwisha. Ni presha ya macho. Moja limeshakufa, na la pili daktari anasema halimalizi hata mwaka.

Nianze na zuri, maana mimi si mtu wa kuanza na kilio. Binti yangu sasa ni dereva wa gari la wagonjwa pale hospitali kubwa. Mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa, na hao tisa wakishindwa kurudi nyuma langoni wanamwita yeye. Miaka minne hajakwaruza hata rangi. Sijisifu, nasema nilichokiona, na unajua nani alimzaa.

Amepata ruhusa ya siku tatu na ana kagari kake, kadogo lakini mlima kanapanda. Anataka kutuzungusha lile ziwa la mlimani, baba yake alione kabla giza halijamfika. Ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kiti cha nyuma, ubavuni kwangu, kiko wazi, ni chako. Hilo ndilo ninaloliandikia, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini leo naomba badala ya kuamrisha kama nilivyozoea.

Najua ile barabara ndiyo iliyommeza mumeo.

Wiki iliyopita dereva wetu alikuwa mezani anachora njia nyuma ya kalenda. Baba yake akamwambia tuzunguke ziwa likiwa kushoto kwetu. Akachora. Mzee akainamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuchafuka wino, akasema umegeuza, ziwa liwe huku. Binti akacheka: "Baba, wewe na kushoto kwako! Huko ni kulia." Ni utani wa siku zote humu ndani. Unajua shemeji yako ni mashoto. Utotoni aliambiwa mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na yeye alikula kwa ule mwingine. Basi mpaka leo ukimwambia pita kulia, anakwenda kushoto.

Siku hiyo hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatuambia.

Unakumbuka alikuwa fundi wa kuandika vibao vya barabara. Mwaka ule ilipofunguliwa barabara ya ziwani, msimamizi alimwonyesha kona mbaya kwa kidole, akamwambia aandike kibao upesi. Kona ile inakata kushoto. Yeye aliandika KONA KALI KULIA. Herufi nyekundu, nzuri kama zake zote. Kikasimikwa Jumatatu. Jumatano asubuhi mumeo akapita na lori la mbao, mara yake ya kwanza njia ile, ukungu hata boneti haioni. Alisoma kibao, akatii. Kulia ni ziwa.

Kesho yake msimamizi alimrudisha akakifuta, akamwonya afunge mdomo. Akaufunga miaka ishirini na miwili. Amekula mezani kwako, amewabeba pacha mabegani, kimya.

Mdogo wangu, wote tulisema marehemu alikuwa amelewa. Wenye lori walisema, majirani wakasema, nami nikasema, tena pale pale msibani, ukanisikia. Ulihama mji kwa sababu ya maneno hayo. Mdomo huu ninaowasifia nao wanangu ndio uliomchafua mume wako. Sina pa kuuficha.

Mzee alitaka akufikishe kwenye kona ile ndipo akwambie, ili auone uso wako wakati jicho bado linaona. Nikamkatalia. Mtu hapelekwi ukingoni ndipo aambiwe. Kwa hiyo naandika mimi, naye yuko hapa kitini, ameniambia nisipunguze neno. Wiki nzima nimempakulia chakula bila kusema naye. Nikimtazama namwona mume wangu, nikimtazama tena simjui.

Mpango ni huu. Ijumaa asubuhi tunakupitia, tunalala nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mafuta, Jumamosi saa sita mchana tunafika kwenye kona, ukungu umeshapanda. Binti ataegesha mbali na ukingo, hilo nakuhakikishia, hakuna dereva kama yeye. Shuka zito nabeba mimi. Ukija, mseme shemeji yako upendavyo, kisha unigeukie mimi. Usipokuja sitanuna.

Lakini lipo moja usilisubirishe mpaka safari. Waite pacha leo, waketi, waambie baba yao hakuwa amelewa. Alikuwa na akili zake zote. Alisoma kibao alichoandika baba yao mkubwa.

Nisalimie mama mkwe wako na yule rafiki yako fundi cherehani. Binti anasema shikamoo mama mdogo. Mungu akushike mkono hapo unaposomea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu.