Waini ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Mayai boilo imeisha saa nne asubuhi. Laini ya malori hapa Malaba haisongi, madereva wana njaa, mimi nakata kachumbari nikichekesha watu. Mdomo yangu ndio inauza. Mayai inasaidia tu.

Halafu Taaka, msichana nataka kuoa, akapiga simu. Jumamosi nirudi kwao Bukhayo. Mara ya pili. Nikiharibu tena, ni ya mwisho.



Jumanne, 5 Agosti
Wacha niandike hii aibu labda itaisha.

Ile mara ya kwanza nilisahau mimi ni mkwe. Nikanusa kuku, nikaingiza kichwa jikoni: "Mama, hii harufu itaniua kabla unipe msichana!" Nikanyoosha na mkono. Mkono! Kwa mama mkwe! Mama ya Taaka akajifunika uso na leso, akatokea mlango ya nyuma, akaenda kujificha kwa mahindi mpaka nikaondoka. Mahindi ilikuwa fupi. Sisi wote tulikuwa tunamwona.

Mzee, baba ya Taaka, alisamehe. Mama hapana. Amesema hapeani mtoto wake kwa mtu hana heshima, na akikataa yeye, hakuna harusi. Na siwezi kumuomba msamaha, kwa sababu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso. Mimi mtu wa mdomo, na hapo mdomo haina kazi.

Senge, ndio shangazi kwetu, dada ya mzee, alifanya kazi hoteli huko Jinja miaka mingi. Ndio ametafuta njia. "Lete waini nyekundu, chupa moja. Mama hanywi busaa lakini waini ataonja. Uchague mwenyewe. Tuone kama hiyo kichwa ina kitu ndani."

Waini mimi najua ile ya kanisa tu. Kijiko kimoja.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepeleka pikipiki Busia, kwa duka ya vinywaji. Dada wa hapo anaitwa Nafula.

"Boss, unataka nyepesi ama nzito?"

"Dada, naogopa zote mbili."

Akacheka, akanionjesha. Pinot Noir ndio nyepesi. Nimeweka kidole nyuma ya glasi, nimeiona vizuri. Inapita kooni bila kusumbua mtu. Cabernet Sauvignon ndio nzito. Nyeusi. Kidole imepotea. Ulimi na ufizi zimekauka kama nimetafuna pera bichi. Nafula anasema hiyo kukaza inatoka kwa maganda ya zabibu, ni kama chai ikikaa na majani sana. Nzito inaenda na nyama ya ng'ombe. Nyepesi inakubali kuku na samaki, na inataka ubaridi kidogo.

Nimetoka bila kununua.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi nimeuliza madereva. Wote: nzito. Kamau, huyu wa kubeba simiti, hata ameshuka kwa lori. "Wewe muuza mayai, usituletee aibu! Ukipeleka nyepesi watasema umeongeza maji!"

Na ni ukweli. Huku ukipea mgeni uji nyepesi umemwambia si mtu. Heshima ni kitu nzito. Basi nzito. Nimeamua. Hata nimeuza vizuri.

Mchana nimepigia Taaka. Mama anapika nini? Kuku. Halafu sijui nini imenituma, nimeuliza mama anakunywa chai aje. Taaka amecheka. Nyepesi sana, majani kidogo. Ya nguvu inamkausha mdomo, anaacha kikombe hapo hapo.

Nimekaa chini kwa jerikeni.

Mzee akiona nyepesi atasema ni maji. Mama akionja nzito ataacha glasi. Na mwenye kunikataa si mzee.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimenunua nyepesi. Nafula ameuliza mara mbili kama nina uhakika. Sina.

Leo nimeuza mayai bila kuchekesha. Dereva mmoja ameniuliza nimefiwa na nani.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefunga chupa na gunia imelowa maji, nikaikaza kwa pikipiki ipigwe na upepo. Kufika Mundika, huko kwao Bukhayo, nilikuwa nimesimama mara tatu kuigusa. Baridi sawa. Mimi ndio moto.

Senge akamimina. Mzee akainua glasi kwa dirisha, akaangalia miti ya nje kupitia ndani yake.

"Kijana. Hii umeongeza maji?"

Utani kama tano hivi ikakuja kwa ulimi. Nikameza zote. "Hapana, mzee. Ndivyo iko."

Akaonja. "Inapita kama soda imechoka."

Senge akaonja na kuku. Akaniangalia. Taaka akapeleka glasi moja jikoni, nyuma ya pazia. Mimi nikaangalia viatu yangu, vile mkwe anafaa kuangalia. Sijawahi kujua viatu yangu vizuri hivyo.

Tumekula, tumeomba, nimeaga. Glasi haikurudi.

Nimerudi Malaba polepole. Nimeharibu. Ningesikiza Kamau.

Jumapili, 10 Agosti
Taaka amekuja baada ya kanisa na kikapu. Ndani ni ile chupa yangu. Imeoshwa, imejazwa maziwa lala, imezibwa na gunzi la mahindi.

Kwetu ukirudisha chombo cha mtu tupu, umemwambia asikanyage tena.

"Mama alimaliza glasi, akaongeza," Taaka amesema. "Ameniuliza ni nani alikuambia vile anapenda chai yake."

Nimemimina kidogo. Imeganda, inashuka polepole. Nimeweka kidole nyuma ya glasi. Haionekani.

Nimekunywa yote nikiwa nimenyamaza.