Kiti Changu Kiwe Karibu na Mlango

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mwanangu,
Jumatatu asubuhi (tarehe sina, kalenda wameitundika sebuleni).

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na zisipokukuta ndani zikae kibarazani zikusubiri. U hali gani? Lile goti la kushoto bado linatabiri mvua, au siku hizi linadanganya kama redio? Shemeji naye, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Msalimie sana, ila umsubiri aamke. Na kuku wako wazima?

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nabishana. Wasiwasi wangu ni juu yako tu, kwa maana najua umeshapigiwa simu. Mwanangu amekwambia baba anaumwa, baba amechoka, baba sasa ni wa kukaa ndani. Kinanda, siumwi. Nimefungiwa. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na ya pili dawa yake ni ufunguo.

Utauliza mbona sikupigii mwenyewe. Simu yangu mkwe wangu aliichukua kwenda kuichaji chumbani kwake, na mpaka leo haijapata nafuu. Ndiyo maana nakuandikia kwa mwandiko huu wa darasa la nne. Barua nitampitishia muuza maziwa katikati ya nondo za dirisha. Soma polepole, na mahali pa aibu usimsomee shemeji.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Unaikumbuka timu yetu ya kijani, ile iliyokuwa inakuliza ukiwa msichana? Bado inaliza watu. Mechi zake tunatazamia kwenye karakana ya seremala mmoja tunayemwita Randa. Televisheni inakaa juu ya meza yake ya kazi, sisi tunakaa juu ya chochote alichotengeneza na mwenyewe hajaja kukichukua: vitanda, madawati, siku moja hata jeneza, na ndilo lililokuwa na nafasi kuliko vyote. Wakubwa wa kelele ni watatu. Yuko Randa mwenyewe. Yuko Kinyozi, ambaye siku ya mechi humwacha mteja na nusu ya nywele. Na yuko fundi cherehani, Bi Mkasi, mwanamke ambaye refa angekuwa anamsikia angeshaacha kazi.

Msimu huu ugonjwa wetu ni mmoja. Tunaongoza vizuri, tunaanza kutafuta viatu turudi makwetu, halafu dakika za mwisho tunachapwa bao. Kila wiki. Ikafika mahali watu hawabishani tena juu ya mpira, wanabishania maumivu.

Kinyozi anasema bao la mwisho ni sawa na kumaliza kichwa cha mtu, umeshampaka poda, umeshampa kioo, halafu mkono unateleza unamkata sikio. Randa anasema hapana, ni meza uliyoipiga msasa na vanishi, mwenye nayo anaweka kikombe, inacheza. Bi Mkasi anawacheka wote. Yeye anaomba tufungwe matano kabla ya mapumziko. "Nikifungwa mapema naenda zangu kupika," anasema. "Hili la mwisho linanisubiri mpaka niwe nimeshafurahi!"

Mimi, unanijua, sikuweza kunyamaza. Nikawaambia bao la mapema ni mkwe mkorofi, unamzoea. La mwisho ni mkwe mpole, anayekuamkia kila asubuhi kwa adabu, halafu siku anahama unakuta godoro halipo. Walicheka mpaka jeneza likatikisika. Nadhani maneno hayo yalimfikia mkwe wangu, maana tangu hapo nyama yangu imekuwa ndogo.

Lakini kicheko hakizuii mabao. Watu wakaanza kumtafuta mchawi. Kwanza alilaumiwa kipa, kisha kocha, kisha shati la Kinyozi. Mwisho Bi Mkasi akanigeukia mimi. "Hebu kumbukeni," akasema. "Kila tukifungwa, Babu yuko wapi?"

Kweli tupu, Kinanda. Kila tukifungwa mimi nilikuwa nyuma ya karakana, nimesimama mbele ya ukuta, najisaidia. Kibofu changu nacho kina umri wangu. Mpira ukifika ukingoni na chai nayo inafika ukingoni. Natoka na ushindi, narudi na kifungo nusu, nakuta watu wameshika vichwa.

Wakapitisha sheria siku hiyohiyo, na mimi sikupewa nafasi ya kupiga kura. Nikae pembeni kabisa, kati ya kabati lisilo na milango na ukuta, na dakika za mwisho zikianza, ubao unalazwa mbele yangu kutoka kabati mpaka ukuta. Wakanipa na jina: Babu Kona. Na balaa ni kwamba mechi ya kwanza nilipokaa humo, mpira uligonga mtambaa panya ukarudi uwanjani. Basi, kwisha kazi. Angekuja daktari, angekuja shehe au padri, hakuna ambaye angenitoa pale.

Nikavumilia mechi hiyo. Nikavumilia nyingine. Naona uwanja kwa jicho moja, jingine limefunikwa na kabati, magoti yanagusa ubao, mgongo unagusa ukuta, na mbele yangu migongo ya watu imejipanga kama mabeki kwenye faulo. Hewa ni gundi na jasho. Unajua mtu akijua hawezi kutoka, ndipo anapotaka kutoka.

Mechi ya tatu ndiyo iliyoniponza. Tulikuwa mbele kwa bao moja. Nikahisi dalili.

"Randa mwanangu, nataka kutoka."

"Babu, dakika tano tu."

"Dakika tano sina."

Wakadhani natania. Hiyo ndiyo hasara ya kutania maisha yako yote, siku ukisema kweli watu wanakupigia makofi. Nikasukuma ubao, Kinyozi akaukalia. Nikamsihi Bi Mkasi, akaniambia, "Baba yangu, funga macho, fikiria jangwa." Halafu yule mtu wa pembeni mwa uwanja akainua kile kibao chake cha dakika za nyongeza. Saba! Kinanda, saba! Nani aliumia? Nani alilala chini? Mimi ndiye niliyekuwa naumia, na hakuna aliyenihesabia.

Nilijitahidi. Mungu shahidi, nililinda lango kwa kila nilichonacho. Niliuma kofia yangu. Niliwataja mababu zetu mmoja mmoja. Wakapiga kona, ikaokolewa. Wakapiga nyingine, kipa akaidaka, akailalia, refa akapuliza filimbi. Karakana ikalipuka. Watu wakaruka, wakakumbatiana, ubao ukaanguka chini.

Mimi sikuruka. Timu ilikuwa haijafungwa. Nilikuwa nimefungwa mimi.

Hili nakwambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unageuza godoro langu kabla mama hajaingia chumbani. Ni vile vile tu, ila wakati ule nilikuwa mdogo na nilijua nitaacha.

Aliyeona kwanza ni Bi Mkasi. Aliona maranda chini ya kiti yamebadilika rangi, akaniona uso. Alikamata ndoo ya maji ambamo Randa huloweka brashi, akanimwagia yote kuanzia kichwani, kisha akapiga vigelegele: "Leo tunaoga ushindi! Nani mwingine?" Randa akaenda kujaza ndoo nyingine, na karakana nzima ikaloa, mpaka jeneza. Nikarudi nyumbani nimelowa kama mtu aliyeokotwa mtoni, na heshima yangu iko salama. Yule mwanamke, siku nikifa, nataka yeye ndiye akate sanda.

Lakini mkwe wangu ana pua. Alipokwenda kufua, aliinusa ile suruali, kisha akamwita mumewe. Mwanangu akaja kukaa pembeni ya kitanda changu. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema taratibu, "Baba, mimi sitaki watu wakucheke." Nikamwambia watu wananicheka tangu kabla hajazaliwa na nimewazoea. Hakucheka. Kesho yake geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni ya mkwe wangu, mahali ambapo mkono wa mzee mwenye adabu hauwezi kufika.

Tangu hapo niko hapa. Chumba hiki nakijua sasa kuliko mafundi waliokijenga. Ukutani kuna ufa unaofanana na wewe ukiwa umenuna. Chai napewa kikombe kimoja, tena nusu, na nikiingia chooni mjukuu wangu hutumwa kuuliza kama nimemaliza salama. Wanafanya kwa upendo, sikatai. Ndiyo maana siwezi kupigana nao. Ungekuwa unyama ningeshavunja dirisha.

Juzi Jumamosi kulikuwa na mechi. Televisheni ya hapa ina tamthilia yake, haiguswi. Nikakaa kitandani nikasikiliza kwa dirishani, maana karakana haiko mbali. Nikasikia shangwe, nikajua tumefunga. Nikakaa vile vile, sikusogea, sikunywa maji, sikuinuka hata kuwasha taa. Halafu, mwishoni kabisa, nikasikia kimya. Kimya kile nakifahamu. Ukikisikia mara moja hukisahau, hata mbwa huacha kubweka.

Jana wakaja getini, wote watatu. Randa kavaa shati la msibani. Kinyozi kabeba kitu kichwani kimefunikwa kitambaa cha kijani. Mwanangu akawafungulia kwa kuwa ni watu wazima, wakasimama uani, mbele kabisa ya dirisha langu. Randa akaomba radhi kwa yote. Akasema Jumamosi hii ndiyo mechi ya mwisho, tukifungwa tunashuka daraja, na bila Babu Kona hakuna timu. Kisha akakivua kile kitu kitambaa.

Kinanda, ni kiti. Kazi nzuri sana, ya mninga, mikono imechongwa, vanishi mpaka unajiona. Katikati kina tundu. Chini ya tundu pana ndoo. Kuzunguka pande zote Bi Mkasi ameshona pazia la kijani lenye lastiki. Wamenitengenezea gereza lenye choo ndani!

"Sasa mzee hana haja ya kutoka tena," akasema Randa, na macho yalimjaa machozi kwa jinsi anavyonipenda.

Wakajadiliana wao kwa wao. Mkwe wangu akauliza ndoo itamwagwa na nani. Mwanangu akauliza kama pazia linafunga vizuri. Kinyozi akaapa kwamba watu watatazama mbele. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia dirisha. Nikashika nondo nikapaza sauti:

"Ninyi! Jumamosi nilikuwa wapi?"

Wakageuka. Nikawaambia sikutoka, sikuinuka, sikukojoa, nimekaa kitandani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho kama mzigo wa stesheni, na bado tumefungwa. Kosa langu ni lipi sasa?

Wakatazamana. Mpaka mkwe wangu akatikisa kichwa kukubali. Nikaona leo nimewakamata, leo nimeachiwa huru.

Kinyozi akakuna kidevu. "Babu," akasema, "hicho kitanda kinaelekea upande gani?"

Hivi ninavyokuandikia, kitanda changu kimegeuzwa. Miguu imeelekea mlangoni, kichwa dirishani, na nikiamka napiga paji la uso kwenye rafu. Mwanangu mwenyewe alisaidia kukibeba. Ila alikuwa anacheka, Kinanda. Alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu siku ya suruali. Alipofuta machozi akawaambia wale watatu, "Sijui niseme nini. Shangazi akisema baba aende, ataenda. Akisema akae, atakaa."

Kwa hiyo filimbi iko mdomoni mwako. Atakupigia Ijumaa jioni baada ya kazi. Tafadhali, usimwambie nakaa ndani. Na usimwambie niende nikakae juu ya ndoo nimefunikwa pazia, hata kama ni mninga. Kile kiti nakipenda, nitakiweka chumbani, nitakikalia nikiwa na mgeni ninayetaka aondoke mapema.

Mwambie hivi: Babu apewe kiti cha kawaida karibu na mlango, na mlango usiwekwe kitu. Mwambie mimi nimemaliza kulinda lango la watu. Haja ikija nitainuka, nitatoka, nitasimama mbele ya ukuta wangu kama mwanamume. Na tukifungwa dakika hiyo, tufungwe tu. Nitawasikia wakipiga kelele kule ndani, nitamaliza taratibu bila kukimbizwa, nitafunga vifungo vyote, halafu nitarudi nikae nilie nao.

Msalimie shemeji, na binti yako mkunga, na yule mwanao dereva asiyeandika. Hapa wanakusalimu mjukuu wangu, ambaye ameniibia kalamu hii, na mkwe wangu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mungu akulinde, akupe goti jipya na usiku usio na mkoromo, na atujalie kuonana tukiwa bado tunaweza kusimama wenyewe.

Muuza maziwa anapiga kengele. Naishia hapo.

Wako akupendaye, aliye nyuma ya nondo mpaka Ijumaa,

Kaka yako,
Babu Kona