Dawa za Msituni

Jumapili, Fridley, 2014

"Ninyi si mna dawa zenu za msituni?" Ndivyo muuguzi wa zahanati ya kule kisiwani kwetu alivyomwambia dada yangu Faida, kisha akawahudumia wengine wote kwanza. Faida akafia kwenye benchi, akiwa na mimba ya miezi minane.

Msitu gani? Sisi Bambuti ndio wenyeji wa kwanza wa kisiwa, lakini tulifukuzwa msituni mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama. Siku hizi ni mashamba ya kahawa. Faida hakujua hata mti mmoja wa dawa. Alijua kufinyanga vyungu, na kila chungu alikiachia alama ya kidole gumba.

Leo baada ya ibada Mama Neema, mwenzangu wa kanisani aliyetoka kisiwa kilekile, alikuja nyumbani kunipa pole. Nikamwambia tu kwamba dada alingojeshwa mno.

"Ni hao Bambuti, mama," akasema. "Wanajaza zahanati bure, na hata kumeza kidonge hawajui."

"Faida alikuwa Mumbuti. Mimi pia."

"Wewe? Aa, hata hufanani nao!" Akacheka, akidhani ananisifu.

Nikamletea koti lake, nikafungua mlango. Kabla ya leo sikuwahi kumfukuza mgeni wa msiba. Na sitamwomba msamaha.